Ulinganisho: WhatsApp, Instagram, Facebook au TikTok, wapi panauza asali na wapi panachangisha nauli za kliniki?

MamaAsali_Tabora (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Nina shughuli mbili na simu moja, naomba tulinganishe kwa kina.

Ya kwanza ni biashara. Nauza asali ya miombo kutoka Sikonge, chupa za nusu lita na za lita moja, na mizigo ya Dar na Dodoma naituma kwa basi. Ya pili ni kikundi chetu cha kina mama. Tunawalipia nauli wazazi wenye watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Matibabu yenyewe ni plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, halafu mtoto anavaa viatu maalumu vyenye chuma, miezi mitatu ya kwanza karibu muda wote, kisha wakati wa kulala mpaka afikie miaka minne hivi. Mzazi wa kijijini akikosa nauli, plasta inakatizwa katikati na kazi iliyofanyika inaanza kupotea. Wataalamu wapo, wanaotibu wapo. Kinachokwamisha ni nauli.

Nilivyoona mpaka sasa: WhatsApp wananunua kweli, ila ni wale wale. Instagram wanasifia picha, wachache wanalipa. Facebook wapo watu wazima wa mikoani, wanauliza sana lakini wakiridhika wanarudi. TikTok video moja inaweza kuonwa na watu wengi mno, kumbe nusu yao wako nchi ambazo siwezi kuwapelekea chupa.

Nina laki moja kwa mwezi ya matangazo. Niiweke wapi? Na je, biashara na kikundi vikae akaunti moja?

---

FundiTangazo

Mama, karibu. Mimi naishi kwa kazi hii, kwa hiyo nitasema wazi: hayo unayolinganisha hayafanyi kazi moja. Kuna mahali pa kuonekana na kuna mahali pa kupatana bei. Instagram na TikTok ni pa kuonekana. WhatsApp ni pa kupatana. Ukimtaka mtu anunue palepale alipoiona picha utachoka, maana kwetu mteja anataka kwanza aongee na mtu, aulize kama asali imechanganywa na sukari, atumiwe sauti, ndipo alipe.

Nenda hivi. Pakua WhatsApp Business, ile iliyotoka 2018, ni bure. Weka katalogi: picha, ujazo, bei. Weka lebo za wateja: aliyeuliza, aliyelipa, aliyetumiwa mzigo. Kisha laki yako yote itie kwenye tangazo la Facebook na Instagram linalomwingiza mteja moja kwa moja WhatsApp. Mitandao hiyo miwili ni ya kampuni moja, tangazo moja linapita kote. Chagua Dar na Dodoma tu, maana ndiko basi linakofika. Ukiacha "Tanzania nzima" fedha itatawanyika.

Ila upigapo hesabu, kumbuka kodi. Tangu 2022 sheria inazitaka kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni kwa watu wa hapa zikusanye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Laki yako si laki kamili ya matangazo.

Na tafadhali sana, acha "bei njoo inboksi". Andika bei. Mteja mwenye haya haulizi, anapita. Na anayeuliza halafu akajibiwa baada ya saa tatu naye amepita.

---

BintiKasulu

Nakubaliana na hilo la bei, kwa mikono miwili.

Naongeza jambo la huku kwetu. Wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii peke yake. Ukimtumia linki ya kwenda tovuti ya nje, haifunguki, na hatakwambia kwamba haikufunguka. Kila kitu kiwe ndani ya WhatsApp: picha, maelezo, namba ya kulipia. Kwa kikundi chenu hili ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu mwenye nia ya kuchangia elfu mbili hawezi kuhangaika.

---

Mwana_Mvita

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Kwa biashara sina neno, FundiTangazo kasema. Kwa mchango nataka kupinga kidogo wazo la kutafuta "jukwaa bora".

Sisi Kenya tuna kumbukumbu ya 2011, wakati wa ukame uliowapiga ndugu zetu wa kaskazini. Kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la Sh500 milioni na ikalipita. Watu walichanga hata shilingi kumi kumi kwa M-Pesa. Mitandao na redio vilipiga mbiu, lakini kilichofanya pesa ziingie ni namba moja fupi ambayo kila mtu aliijua, na majina ya taasisi zinazofahamika nyuma yake, Msalaba Mwekundu ikiwemo. Mtu akisikia, anatuma, asubuhi anasoma gazetini zimefika ngapi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kikundi chako, dada: ukituma pesa kwenye namba yenu, jina gani linatokea? Likitokea jina la mtu binafsi, hata ukipendwa TikTok nzima, watu watasita. Likitokea jina la kikundi, mtu anabonyeza namba ya siri na roho yake imetulia. Huku kwetu namba hizo za kulipia tunaziita Paybill na Till. Huko kwenu najua mna Lipa Namba. Hiyo kwanza, mitandao baadaye.

---

Mhasibu_Moro

Mwana_Mvita amegusa mzizi. Mimi natunza vitabu vya vikundi viwili vitatu hapa Morogoro, nitaeleza ninavyoona michango inavyoingia na inavyokauka.

Watu wetu tayari wana utaratibu wa kuchanga: harusi, msiba, ugonjwa. Kamati, ahadi, ukumbusho, makabidhiano. Kundi la WhatsApp limeuchukua utaratibu huo mzima mzima. Ile orodha mnayoifahamu, mtu anainakili, anaongeza jina lake na ahadi yake, akilipa anawekewa tiki. Hakuna programu ya kuchangisha iliyobuniwa ng'ambo inayoishinda orodha ile kwa watu wanaojuana. Inamwita mtu kwa jina. Hata lile zoezi la kujimwagia ndoo ya maji ya barafu la 2014, lililoingizia chama cha wagonjwa wa ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli) kule Marekani dola milioni 115, nguvu yake ilikuwa hapo: ulimtaja rafiki yako hadharani, naye akawajibika kujibu.

Lakini orodha ina majeraha yake, na hayasemwi. Mwenye elfu moja anaona juu yake kuna laki, anaona haya, anakaa kimya. Ukipata wachangiaji ishirini wakubwa umepoteza mia wadogo ambao wangetoa kila mwezi. Kwa nauli za kliniki, ambazo ni za kila wiki, unawahitaji wale mia. Kwa hiyo andikeni majina bila kiasi. Jumla iandikwe chini. Kiasi cha mtu kibaki kwa mweka hazina na kwenye ujumbe wa muamala.

Baina yenu wanakikundi, angalieni pia M-Koba, huduma ya Vodacom ya akiba ya vikundi kwa simu. Ilikuja 2019 kwa ajili ya vikoba, na miamala ya kikundi inaonekana kwa wanachama, haibaki kwenye simu ya mtu mmoja. Kwa wachangiaji wa nje tumieni Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi.

Akaunti moja au mbili? Mbili. Namba mbili, vitabu viwili. Fedha ya asali ikilala usiku mmoja kwenye namba ya nauli, siku mtu akiuliza hutakuwa na jibu safi, hata kama hukuchukua senti.

---

FundiTangazo

Mhasibu nakuheshimu, ila tuseme ukweli wa soko. Mchango unaletwa na picha. Mtoto na plasta yake mguuni, mama amembeba, video ya sekunde thelathini TikTok. Hiyo ndiyo inayomgusa mtu asiyekujua. Orodha ya WhatsApp haitoki nje ya ukoo.

---

Mhasibu_Moro

Inamgusa, sikatai. Mtoto yule atakuwa na miaka kumi na tano siku moja, na video itakuwa bado ipo.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitazama taarifa za watoto na za afya kama taarifa nyeti. Ridhaa ya mzazi inatakiwa, na mzazi aliyekaa anangoja nauli yako mkononi hawezi kusema hapana kwa uhuru. Hiyo si ridhaa. Kenya mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Hayo yalikuwa matangazo ya shule, hata ugonjwa haukuwemo.

Vipo vya kupiga picha. Tiketi za basi zimepangwa mezani. Kiatu kidogo chenye chuma chake. Mikono ya mama inafunga mkanda, uso hauonekani. Ukurasa wa daftari: wiki hii wazazi wangapi, njia ipi, nauli kiasi gani. Mtu akisoma kwamba elfu kumi na mbili yake imempeleka mzazi na kumrudisha, ameelewa kuliko kwa video ya machozi, na mwezi ujao anatuma tena.

---

Mwana_Mvita

Hapo kwa mikono ya mama umenifurahisha. Hiyo hata TikTok inafaa. Msitupe TikTok yote: elezeni pale kwamba miguu iliyopinda inatibika na mtoto aletwe mapema akiwa mchanga. Kuna mzazi ataona amwahishe wake. Pesa zisipoingia hata senti, video imefanya kazi.

---

Mbali_Minnesota

Nawasalimu kutoka baridini. Huku tuko Waswahili wengi na tunapenda kuchangia nyumbani, kwa hiyo niseme upande wetu.

GoFundMe, ile tovuti ya kuchangisha, haifungui kampeni kwa mwenye akaunti ya benki ya Tanzania wala Kenya. Lazima mtu aliye huku aifungue kwa jina lake, fedha ziingie benki yake, ndipo azitume. Kila mchango unakatwa asilimia 2.9 na senti 30, kisha yapo makato ya kutuma. Senti 30 juu ya mchango wa dola tano inauma. Kwa dharura ya mara moja, sawa. Kwa nauli za kila wiki, sipendekezi, na huyo aliyezipokea kwa jina lake anajitwika mzigo wa maswali.

Kile kitufe cha kuchangia cha Facebook msikitegemee, hakipo kwa mashirika yaliyosajiliwa Tanzania.

Kama kikundi kimesajiliwa na kina hesabu zilizokaguliwa, angalieni GlobalGiving, tovuti ya kuchangishia mashirika. Wanapokea mashirika ya kwetu. Kuingia kuna mtihani: mkusanye dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji 40 ndani ya muda wa kampeni yao. Wachangiaji 40 maana yake tajiri mmoja hawezi kuwabeba. Kikundi kidogo kama chenu nadhani bado mapema.

Njia tunayotumia wengi huku ni rahisi: mtu mmoja anayeaminika katika jamaa zetu anakusanya, anatuma mara moja kwa mwezi moja kwa moja kwenye namba ya kikundi, risiti inawekwa kundini. Tuwekeeni ripoti ya sauti ya dakika mbili, kwa Kiswahili. Tunaisikiliza tukiwa njiani kwenda kazini, na inatuleta karibu kuliko barua pepe.

---

Kampala_Biashara

Mimi jambo moja. Hapa Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021 na watu waliokuwa na duka lao lote mle walipoteza wateja kwa siku moja. Tanzania nako X (zamani Twitter) imezuiwa tangu Mei 2025. Wafuasi wa mtandaoni si mali yako. Namba za simu za wateja na wachangiaji ziandike daftarini, kwa ruhusa yao, na jina na mara ya mwisho walinunua nini. SMS ya kawaida inafika hata kwa simu ya batani.

---

MamaAsali_Tabora

Ndugu zangu, nimesoma yote na kina mama wenzangu nimewasomea kwa sauti. Mungu awabariki.

Tumekubaliana hivi. Asali: tangazo la kuingiza WhatsApp, Dar na Dodoma, bei imeandikwa. Instagram nabaki nayo kama dirisha la picha, bila kulipia. Nauli: Lipa Namba kwa jina la kikundi, tunaanza kufuatilia kesho, na kundi la WhatsApp lenye majina bila kiasi. TikTok tutafundisha tu, bila nyuso za watoto.

Mawili yamebaki. Je, nikiandika kwenye chupa kwamba shilingi elfu moja inaenda kwenye nauli, nitakuwa nimechanganya? Na zile brodkasti za WhatsApp, ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, mbona naituma kwa watu mia mbili wanajibu kumi?

---

Mhasibu_Moro

Andika, mama, ila kila mwisho wa mwezi elfu hizo zihame kwa muamala mmoja kutoka namba ya asali kwenda namba ya kikundi, na muamala huo uonekane kundini pamoja na idadi ya chupa. Mwezi ambao hukuuza, andika hukuuza.

---

BintiKasulu

Ya brodkasti nakujibu mimi. Inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na orodha moja haizidi watu 256. Kwa hiyo mteja akipokea mzigo, kabla hujamwambia asante, mwombe ahifadhi namba kwa jina "Asali Sikonge". Wa zamani wapigie simu mmoja mmoja. Jumamosi jioni wanapokea vizuri.