Naomba ushauri: maktaba ya chuo, kelele na joto

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko kwenye kamati ya mazingira ya wanafunzi, chuo kimoja hapa Malindi. Maktaba yetu imepakana na barabara: tuktuk, bodaboda, na jenereta ya jirani umeme ukipotea. Tukifungua madirisha hatusikilizani. Tukiyafunga, msimu wa kaskazi tunatota jasho. Uongozi unataka viyoyozi. Mimi naona hiyo ni bili ya umeme na ngurumo nyingine juu yake.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kelele zinazoingia darasani zisizidi desibeli 35. Sisi tuko mbali mno.

Mstari mmoja wa miti hauzuii sauti sana, ingawa kivuli tunakitaka. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulio mrefu kuliko madirisha ungesaidia, ila naogopa utakata na upepo. Dari ya makuti chini ya mabati ingepunguza mwangwi na kishindo cha mvua, lakini moto je?

Aliyejenga au kusomea haya anieleze: upepo nauingizaje bila kelele? Au tuhamishie meza za kusomea upande wa uani, barabarani tubakishe stoo na vyoo? Bajeti ni ndogo.