Chagas (ugonjwa wa kimelea unaoweza kuharibu moyo) bila AF (mapigo ya moyo yaliyopoteza mpangilio): huyu apewe warfarini au aspirini?

KliniYaJumatatu:
Wakuu, habari za kazi. Kuna mgonjwa wa kike, miaka 52, mzaliwa wa Cochabamba, Bolivia, anahudhuria kliniki hapa Madrid. Vipimo viwili tofauti vya kingamwili vya Chagas vimetoka chanya. Presha nzuri, sukari nzuri, AF haijawahi kuonekana hata kwenye Holter (kifaa cha kurekodi mapigo mfululizo). ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ina RBBB (umeme unakwama upande wa kulia wa moyo). Eko (ultrasound ya moyo) imesoma EF (sehemu ya damu inayosukumwa nje kila pigo) 42% na kuandika "hakuna aneurizimu" (ukuta wa moyo uliotuna). Hajawahi kupata kiharusi. Tumwanzishie dawa ya kuzuia damu kuganda?

Msuli_wa_Moyo:
Kwenye Chagas usisubiri AF, mkuu. Kimelea kinaumiza msuli wa moyo polepole kwa miongo, panabaki makovu, na ncha ya ventrikali ya kushoto ni sehemu inayoathirika sana. Ukuta wa pale unakonda na kutuna kama kidole cha glavu. Damu ikizubaa humo inaganda, na kipande kikichomoka kinaweza kuishia ubongoni huku mapigo yakiwa na mpangilio wake wa kawaida. Wapo ambao kiharusi ndicho kilichofanya wagundulike kuwa na Chagas.

Tumia alama za hatari ya kiharusi za Fiocruz, taasisi ya utafiti wa afya ya Rio de Janeiro, zilizochapishwa 2008: ventrikali ya kushoto kusukuma kwa udhaifu 2, aneurizimu ya ncha 1, mabadiliko ya msingi ya ST-T (sehemu ya mwisho ya kila pigo kwenye ECG) 1, umri zaidi ya miaka 48 alama 1. Akifika 4 au 5, warfarini, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) 2 hadi 3. Akiwa na 3, aspirini au warfarini, mnaamua naye mkitazama hatari ya kuvuja damu. Alama 2, aspirini au bila dawa. Chini ya hapo, hakuna. Mwenye AF, bonge la damu ndani ya moyo au kiharusi cha nyuma kilichotokana na moyo haingii kwenye hesabu hii, huyo tayari ana sababu ya kupewa dawa.

Wako ana 3 kwa sasa (EF 2, umri 1). Angalia ST-T kwa makini: mabadiliko yanayoletwa na RBBB yenyewe hayahesabiwi, na hapo ndipo watu wengi wanaongeza alama isiyostahili.

Probu_Mkononi:
Hiyo "hakuna aneurizimu" mimi siiamini mpaka nione picha. Aneurizimu ya Chagas inaweza kuwa ndogo yenye mdomo mwembamba, na probu (kifaa cha eko kinachowekwa kifuani) ikikaa juu sana ncha inakatwa, ventrikali inaonekana fupi na ya mviringo. Mlaze ubavu wa kushoto, shusha probu nafasi moja ya mbavu, isogeze kuelekea kwapani mpaka ventrikali irefuke, kisha geuza pembe kidogo kidogo. Ncha isipoonekana vizuri, tumia dawa ya kontrasti au mpeleke MRI ya moyo. Ikionekana anafika 4, na mjadala wa aspirini unaisha.

KliniYaJumatatu:
Asanteni sana. Nilisahau kusema: anameza amiodaroni 200 mg kwa siku kwa sababu ya mapigo ya ziada ya ventrikali.

DirishaLaDawa:
Hapo kaa macho. Amiodaroni inazuia ini kuvunja warfarini, INR inapanda. Kwa anayeimeza tayari, anza na dozi ndogo kuliko kawaida. Aliyekuwa kwenye warfarini akaongezewa amiodaroni, dozi ya warfarini kwa kawaida hushushwa kwa 30 hadi 50%. INR ipimwe kila wiki mpaka itulie, na usidanganyike na wiki mbili nzuri, maana amiodaroni inajikusanya mwilini taratibu. Hata ikisimamishwa, athari yake hubaki kwa wiki nyingi.

Muulize pia kama chakula kinakwama kifuani. Chagas hutanua umio, na mtu asiyekula sawasawa INR yake inayumba. Kwa huyo aspirini nayo si rafiki, kidonge kikikwama kinachoma ukuta wa umio.

Msuli_wa_Moyo:
Nyongeza: presha ipimwe kila ziara hata kama leo iko sawa. Mgonjwa wa Chagas naye hupata kiharusi cha mishipa midogo au cha shingo kama mtu mwingine yeyote, na presha isiyodhibitiwa akiwa kwenye warfarini inakaribisha damu kuvuja ubongoni. Benznidazoli, dawa ya kuua kimelea chenyewe, ni mjadala mwingine. Utafiti wa BENEFIT wa 2015 ulionyesha inapunguza vimelea kwenye damu, lakini moyo ulioshaharibika haukunufaika.