Plagi ya nikeli, platinamu au iridiamu: ipi inafaa pikipiki ndogo ya kabureta?

Mwendo wa Kati (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulinganishe plagi kwa utulivu, kwa kuwa maelezo ninayoyapata yanapingana. Pikipiki yangu ni ya silinda moja, sisi 125, inapozwa kwa hewa, ina kabureta na mfumo wa CDI (kifaa cha kielektroniki kinachowasha cheche), na kitabu chake kinaelekeza NGK D8EA, yaani plagi ya kawaida yenye elektrodi ya nikeli. Injini ni nzima, ila penye baridi hudai kiki kadhaa kabla ya kushika, na katika mzunguko wa chini huyumba kidogo. Ninafikiria kuhamia iridiamu, ama DR8EIX ya NGK ama IX24B ya Denso. Je, faida iko kwenye nguvu, kwenye kuwaka, kwenye kudumu, au ni sifa za matangazo tu?

Fundi wa Kabureta

Ndugu, nguvu iondoe kwenye orodha mapema. Ikiwa plagi iliyopo inatoa cheche kila inapotakiwa na mchanganyiko wa hewa na petroli unaungua wote, hakuna madini yatakayouunguza mara ya pili. Mahali ambapo iridiamu hufanya kazi ya kweli ni kwenye umeme unaohitajika ili cheche iruke. Plagi ya kawaida ina ncha ya kati yenye kipenyo cha karibu milimita 2.5, ilhali DR8EIX ina milimita 0.6 na ile ya Denso ina 0.4, kadiri ncha inavyokuwa nyembamba na yenye kingo kali, ndivyo cheche inavyoruka kwa volti chache zaidi. Nikeli haiwezi kunyooshwa wembamba huo kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455 na italika upesi, platinamu huyeyuka kwenye 1,768, na iridiamu huvumilia hadi kama 2,446.

Kuna jambo la pili ambalo halitajwi sana. Moto unapozaliwa kwenye mwanya, yaani nafasi kati ya ncha ya kati na elektrodi ya pembeni, huwa ni kidoa kidogo mno, na elektrodi nene hukinyonya joto kabla hakijakua. Ncha nyembamba hukiacha kipumue. Ndiyo maana tofauti utaisikia hasa pale injini ikiwa baridi, au katika mzunguko wa chini ambako mchanganyiko ni hafifu, lakini ukishafungua mafuta barabarani hutaisikia.

Kasi Tamu

Mimi sikubaliani kabisa na hoja ya nguvu. Nilipoweka iridiamu, pikipiki ilibadilika papo hapo: ilipokea mafuta upesi na mlima ikaupanda bila kushusha gia.

Fundi wa Kabureta

Mkuu, sikatai ulichokisikia. Naomba tu ukumbuke kwamba ulitoa plagi iliyochakaa ukaweka mpya. Kila cheche hula chembe ya elektrodi, kona za ncha huviringika, mwanya wa milimita 0.6 au 0.7 hutanuka, na koili inayotoa umeme wa cheche hulazimika kupandisha volti hadi siku inaposhindwa kwenye mlima, ambako mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa. D8EA mpya ingekurudishia sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Ulinganisho wa haki ni mpya kwa mpya.

Spana Kumi na Nane

Ningependa mada irudi nyuma hatua moja, kwa sababu madini ni swali la mwisho, na ninaona linaulizwa kwanza. Linalotangulia ni kiwango cha joto. Ncha ya kauri inatakiwa ikae juu ya takribani nyuzijoto 450, ili ijiunguzie masizi yenyewe, na isivuke 850 hivi, kwani hapo plagi hugeuka kaa la moto na mchanganyiko huwaka kabla ya cheche. Plagi inayoitwa baridi humwaga joto upesi kwenda kwenye hedi (kichwa cha silinda), na ile ya moto hulishikilia. Namba ndiyo inayoonyesha hilo, lakini kila kampuni ina mpangilio wake: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, na Denso hufuata mwelekeo huohuo ingawa 8 ya NGK kwake ni 24, kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Mtu anayeokota plagi dukani kwa kulinganisha namba za kampuni tofauti anaweza kutoboa pistoni akidhani anaboresha.

Urefu wa nyuzi nao si wa kubahatisha. Katika D8EA, herufi D ni nyuzi za milimita 12, zinazofunguliwa kwa spana ya 18, na E ni urefu wa milimita 19. Ukiweka iliyo fupi, cheche hutokea ndani ya shimo na nyuzi za hedi zilizobaki wazi hujaa masizi. Ukiweka ndefu kupita kiasi, inaweza kukutana na pistoni. Machaguo yote mawili uliyoyataja yapo sawa kwa urefu na kwa joto. Ila DR8EIX ina herufi R, maana yake kuna kizuizi ndani chenye takribani kiloomu 5, ambacho plagi yako ya sasa haina. Kizuizi hicho hupunguza kelele za redio, na kwenye pikipiki zenye kompyuta ya sindano ya mafuta usithubutu kukiondoa. Kwako hakitadhuru chochote, ila pima kofia ya plagi kwa mita, kwani kofia iliyozeeka hupandisha upinzani wake na kukuibia cheche huku plagi ikilaumiwa.

Silinda Mbili

Nyongeza kwa wenye silinda mbili zinazogawana koili moja. Humo umeme hupita plagi moja kutoka ncha ya kati kwenda pembeni, na nyingine hupita kinyume, hivyo plagi moja hulika upande wa elektrodi ya pembeni. Iridiamu za kundi la IX zina ncha nyembamba katikati, lakini pembeni ni nikeli bila kipande cha platinamu. Kwa hiyo anayetafuta kudumu, hasa pale ambapo lazima avue tangi ili aifikie plagi, atafute ile yenye madini ya thamani pande zote mbili. Platinamu naiona chaguo la kati lisilo na sababu ya kutosha kwenye pikipiki ndogo. Na zile za miguu mitatu au minne, yaani elektrodi kadhaa za pembeni, haziwashi cheche nne. Inaruka moja tu, pale palipo rahisi.

Mpenda Kiki

Je, injini inayokula oili? Yangu hutoa moshi wa bluu na plagi hulowa kila mara.

Fundi wa Kabureta

Baki na nikeli hadi utengeneze ringi au sili za valvu. Iridiamu italowa vilevile, ingawa itachelewa kidogo, na ukiisugua kwa brashi ya waya utaivunja ncha. Plagi iliyolowa oili, au yenye masizi makavu meusi kwa sababu ya mafuta mengi, inakuletea habari za injini. Rangi ya kahawia hafifu kwenye kauri ndiyo unayoitaka.

Mwendo wa Kati

Nimewaelewa, wakuu. Nimepima kofia na haina tatizo, na kauri ya plagi iliyopo ni ya kahawia. Nitaanza na D8EA mpya, nirekebishe skrubu ya sailensa (ya mzunguko wa chini kwenye kabureta), kisha nikiona bado inasumbua kwenye baridi ndipo niende DR8EIX. Kuna jambo la kuzingatia wakati wa kufunga?

Spana Kumi na Nane

Fungua plagi injini ikiwa imepoa, na upulize mchanga ulioizunguka uondoke kabla ya kuilegeza. Ianze kwa vidole hadi ikae, kisha, kwa kuwa ni mpya na wosha yake haijabanwa, izungushe nusu mzunguko kwa spana. Ukiwa na spana ya torki, ni kati ya nyutonimita 15 na 20. Usipake grisi kwenye nyuzi, kwa sababu utajikuta umekaza kupita kiasi bila kujua, na nyuzi za hedi ni aluminiamu. Ukifikia iridiamu, mwanya upime kwa geji ya waya tu. Ukilazimika kuurekebisha, pinda elektrodi ya pembeni bila kuegemea ncha ya kati.