Naomba ushauri: hadithi yangu ya jamii isiyo na watawala imelala

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya kuhusu sayari isiyo na mfalme, tajiri wala mtumwa. Kazi zote zinafanywa kwa zamu, hata kusafisha vyoo. Shida ni kwamba kila mtu anapata haki yake, basi hakuna kinachotokea.

Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alilikwepa hilo katika riwaya yake The Dispossessed (1974). Anarres, dunia ya riwaya hiyo, haina serikali wala mali binafsi, lakini watu wanaogopa maneno ya majirani, na waliozoea kamati wanageuka wakubwa bila cheo. Shevek, mhusika mkuu ambaye ni mwanafizikia, anabanwa na wenzake, si na polisi. Rokeya Hossain, mwandishi wa Bengal, yeye katika hadithi yake Sultana's Dream (1905), alipindua tu mpangilio: wanaume wanafungiwa ndani, wanawake wanaendesha nchi. Inachekesha na inachoma, ila malkia bado yupo juu.

Kwangu nawaza mamlaka yajifiche kwenye kumbukumbu. Jamii haina maandishi, makubaliano yote yako vichwani mwa wachache, na anayekumbuka ndiye anayeamua. Naogopa msomaji ahitimishe kuwa binadamu hawezi kuishi bila bosi, kinyume kabisa na ninachotaka.

Mliowahi kuandika, mnaonyeshaje kasoro bila kuua matumaini? Na mhusika mkuu awe mwenyeji au mgeni? Mgeni hurahisisha maelezo, lakini binafsi nimewachoka hawa wanaotembezwa kama watalii.