Re: Stoo imejaa: duveti, magunia, chupa na mashine iliyokufa

Kutoka: Mama Mapacha, Bremen

Ndugu zangu, hamjambo? Mwezi ujao tunahama. Tunatoka vyumba vinne kuingia vitatu, na stoo ya chini imejaa hadi mlangoni. Nina duveti tatu kuukuu (yale mablanketi mazito ya kujazwa), magunia ya mchele niliyoyakunja miaka yote nikisema yatafaa, chupa za vioo za matango na jemu hata sizihesabu, mashuka ya pamba yaliyochakaa katikati, kitanda cha watoto, na mashine ya kufulia iliyokata roho. Baba watoto anataka tuwapigie watu wa Sperrmüll, wale wa hapa Ujerumani wanaozoa vitu vikubwa vilivyotupwa, waje wazoe vyote. Mimi roho haitaki. Ila msiniambie niviweke kwenye pipa la kwenda Dar. Nauli ya kusafirisha vitu vikuukuu silipi. Nipeni akili.

Kutoka: Baba Köln

Shemeji, mpe mumeo simu apige. Kujaza stoo si kubana matumizi, ni kulipia pango la takataka.

Kutoka: Bibi Nunu, Hamburg

Mwanangu, huyo wa Köln mwache na simu yake. Duveti usitupe hata moja kabla hujajaribu kapu la kupikia.

Tafuta tenga la nguo, au sanduku la mbao, lililo kubwa kidogo kuliko sufuria yako. Kunja duveti, itandaze chini na kuipandisha pembeni mpaka sufuria ikiingia ikae imebanwa, isicheze. Kwa juu shona mto mnene: chukua foronya mbili, zijaze ule ujazo wa duveti ya pili, ziba. Kapu ndiyo hilo, halina umeme wala moto.

Maharage unayaloweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha yatokote vizuri, funika kwa mfuniko usiopitisha mvuke, uitie sufuria kapuni ingali inafoka. Juu mto, juu ya mto blanketi. Nenda kazini. Ukirudi yameiva, hayajaungua, wala nyumba haijanuka. Unayarudisha jikoni kuunga tu na nazi au kitunguu. Makande ndiyo yananifurahisha zaidi, maana makande kwa jiko la umeme, na uniti moja hapa inacheza kwenye senti 40 za euro, mtu unayala huku unapiga hesabu.

Sharti lake ni moja: sufuria iwe imejaa angalau robo tatu. Chakula kidogo hakina joto la kujitunza, kinapoa katikati ya safari. Na usifunue kuchungulia! Ukifunua mara moja umemaliza kazi.

Jirani yangu, bibi wa Kijerumani mwenye umri kunishinda, aliliona kapu langu akapiga makofi: Kochkiste! Yaani sanduku la kupikia. Mama yake alikuwa nalo enzi za vita, makaa na gesi vilipokuwa vya kugawiwa. La kwao lilikuwa sanduku lililojazwa nyasi kavu. Kwa hiyo hata mwenye nyumba akikuuliza ni kitu gani hicho, mwambie ni mila ya kwao.

Kutoka: Nesi, Kiel

Shikamoo bibi. Naomba nyongeza, na isichukuliwe kuwa ubishi. Maharage mekundu yale makubwa yana sumu yake ya asili, na haifi kwa joto la chini ya kuchemka. Kapu linatunza joto, halipandishi. Kwa hiyo kutokota kabla ya kuingia kapuni si kwa kubahatisha: dakika kumi za mchemko mkali ndizo za chini kabisa, na mimi nawashauri watu wafike nusu saa. Mtu akila ambayo hayakuchemka sawasawa, baada ya saa chache ni kutapika na kuhara, na watoto ndio wanaoumia.

La pili, nyama na mchuzi wa nazi visilale humo usiku kucha. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hapo, vijidudu vinapata makazi. Kipimajoto cha jikoni ni bei ndogo. Ukitoa sufuria, kichemshe upya kabla ya kula.

Kutoka: Bibi Nunu, Hamburg

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, nami nusu saa ndiyo desturi yangu. Nimeandika kama anayemwambia mtu aliyekulia jikoni kwangu. Nyama silazi.

Kutoka: Mwanafunzi wa Zamani, Freiburg

Nazungumzia magunia. Yale ya plastiki ya kufumwa ni mazuri kwa mchicha na viazi kwenye roshani. Yakunje midomo mpaka urefu wa goti, toboa matundu chini maji yapite, jaza udongo, weka juu ya vipande vya mbao yasigusane na sakafu. Mchicha usiusie Aprili kwa kudanganywa na jua la siku mbili. Wenyeji wanasubiri zile siku zao za baridi ya mwisho zipite, tarehe 11 hadi 15 Mei, ndipo wanatoa miche nje, nami nimeona wana haki.

Tatizo la magunia haya ni jua. Yakipigwa majira mawili nyuzi zinaanza kuchanika, unagusa linabaki unga na nyuzinyuzi za plastiki ndani ya udongo wako. Kabla halijafikia hapo, hamisha au lifunike kwa nje. Yale ya juti yenye zipu, ya basmati, msiyape udongo kabisa, yanaoza. Hayo ni ya vitunguu na viazi jikoni, au nguo chafu.

Chupa: kinachonuka matango ni mfuniko, kioo hakina kosa. Badilisha mfuniko. Kwa achari ya ndimu weka karatasi ya kuokea kati ya chupa na mfuniko, maana chumvi na ukali wa ndimu vinakula bati. Na kabla hujazigawa zikague: baadhi ya chupa za maziwa ya mtindi zina Pfand, yaani amana unayorudishiwa ukirudisha chupa dukani, ya senti 15. Mtu anafugia vifungo ndani ya pesa.

Kutoka: Mama Mapacha, Bremen

Nimekwenda kukagua sasa hivi. Tisa zina Pfand. Baba watoto kanyamaza.

Na mashuka je? Yamechakaa pale katikati tu, pembeni mazima kabisa.

Kutoka: Bibi Nunu, Hamburg

Likate katikati kwa urefu, uzungushe: zile pande nzima za pembeni zikutane katikati uzishone pamoja, na sehemu iliyochakaa iende pembeni ukunje pindo. Shuka linapata uhai wa pili. Mshono wa katikati uwe bapa, usije ukamkwaruza anayelalia. Likichakaa tena, toa foronya. Foronya zikichoka, vitambaa vya kufutia. Mwisho wake kapu la taka za kawaida, si kontena la nguo. Watu wanaliona kontena la nguo wanadhani ni la matambara, hasa tangu Januari 2025 Umoja wa Ulaya uliposema nguo zikusanywe peke yake. Nguo iliyochanika na kuchafuka inaharibia zile nzima zinazongoja kuvaliwa.

Kutoka: Fundi, Leipzig

Dada, mashine ndiyo kitu cha maana kwenye orodha yako na hakuna aliyeigusa. Pipa la ndani, lile lenye matundu, ni chuma kisichoshika kutu. Hapa Ujerumani kila penye bustani utakuta mtu ameligeuza jiko la moto. Sisi tuliopita jua kali hatuwezi kushindwa na hilo.

Chomoa umeme na uiache ikae kwanza, isiguswe ndani, maana baadhi zina kapasita inayohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Fungua mfuniko wa juu na mgongo. Utaona matofali ya zege, hayo yamewekwa mashine isirukeruke, na ndiyo yanayokuvunja kiuno ukiinyanyua. Toa hayo kwanza. Kisha mkanda, kisha gurudumu la nyuma. Pipa la nje ni la plastiki. Kwenye mashine za zamani limefungwa kwa skrubu, kwenye nyingi za siku hizi limeunganishwa moja kwa moja, inabidi ulikate kwa msumeno.

Ukishalitoa pipa la chuma, kuna mapezi matatu ya plastiki ndani, yale yanayogeuza nguo. LAZIMA yatoke kabla ya moto, la sivyo mishikaki yako italiwa na harufu. Miguu tumia ya stuli ya chuma, ila si chuma kilichopakwa zinki wala rangi, moshi wake ni mbaya. Na kwa kuwa pipa lina matundu kila upande, mkaa unawaka kwa kasi. Tia kidogo kidogo.

Roshani usiliwashie. Ni la bustani, na hata bustani zenye chama zina kanuni zake, uliza kwanza. Ule mlango wa kioo wa mbele safisha vizuri, ni bakuli zuri la kachumbari. Magamba na mota peleka Wertstoffhof, kituo cha kupokelea taka za kurejelezwa, wanapokea bure kifaa kizima au vipande, kutegemea manispaa.

Na kwa yeyote anayefikiria kuituma mashine mbovu nyumbani "wataitengeneza": kifaa cha umeme kinachotoka Umoja wa Ulaya kama mtumba kinatakiwa kiwe kimepimwa na kiwe na ushahidi kwamba kinafanya kazi. Kibovu kinahesabiwa taka, na matatizo yanakuwa yako bandarini.

Kutoka: Baba Köln

Fundi, hilo jiko la mishikaki ukitengeneza mawili nahitaji moja. Stoo ninayo.

Kutoka: Mama Mapacha, Bremen

Mmesikia wenyewe. Bibi, swali la mwisho: duveti moja ni ya manyoya ya bata, ikikatwa yanaruka nyumba nzima. Nifanyeje kwenye mto wa kapu?

Kutoka: Bibi Nunu, Hamburg

Hiyo usiikate. Ikunje nzima ndiyo ikae chini na pembeni. Mto wa juu tumia ile ya pamba au ya nailoni. Ukilazimika kukata ya manyoya, piga kwanza mishono miwili sambamba kwa cherehani, ukate katikati yake, na ufanye hivyo bafuni mlango umefungwa, watoto nje.

Kutoka: Fundi, Leipzig

Nina safari ya Bremen Jumamosi ya wiki ijayo, nitapitia na toroli. Mashine isishushwe ngazi mpaka nifike, na kitanda cha watoto kama hakijapata mtu, pima upana wa mbao zake uniandikie.