Miaka 9 nagonga biti Chang'ombe: nibaki Dodoma au nipande treni?

Kinanda Bovu: Mbukwenyi wakuu. Naleta mada, msinimalize. Nilianza kugonga biti nikiwa na kompyuta ya kuazima, leo mwaka wa 9, chumba kimoja Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Ukutani trei za mayai, mlangoni blanketi. Feni ya kompyuta inanguruma hadi inaingia kwenye maiki, kwa hiyo mashine nimeitoa nje kwenye boksi, nyaya zinapita kwenye nondo za dirisha. Mvua ikinyesha kazi imeisha.

Mchana nafanya hip hop ngumu. Usiku nafanya elektroniki yangu, hakuna anayechana, ni ngoma na besi tu. Majuzi nimechukua muheme, ngoma ya Kigogo, niliyorekodi kwa simu kule Mvumi, nikaikata vipande, nikaipandisha kasi. Mtaani wanasema kelele. Jamaa mmoja wa Ujerumani kanunua mara mbili.

Hesabu yenyewe: biti elfu 30, msanii anatoa elfu 10, nyingine "ntakutumia mwisho wa mwezi". Elfu 10 inaliwa na luku. Sasa nibaki au niende Dar?

Fundi Redio: Na hili nalo swali? Nenda. Tangu enzi za maprodyuza Master J na P-Funk Majani muziki wa nchi hii unapikwa Dar. Dodoma kuna zabibu, wabunge na vumbi.

Mtoto wa Kikuyu: Vumbi lipi? Wewe unaoga maji ya chumvi ya kisima Tandale halafu unatucheka vumbi.

Fundi Redio: Nimekaa Dodoma miaka miwili, najua ninachosema. Mpaka leo nikifungua begi mchanga unatoka.

Chizi wa Jamatini: Turudi kwenye mada. Dogo, usidanganywe na habari za redio. Angalia singeli. Sisso na vijana wake pale Mburahati walikuwa wanapiga vitu vya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, redio zinawaona wahuni. Lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyo wao 2017, Wazungu wakapagawa. Hawakumfuata mtu. Walifuatwa.

Fundi Redio: Mburahati iko mkoa gani mkuu?

Chizi wa Jamatini: Mkoa siyo hoja.

Fundi Redio: Nauliza tu. Mburahati iko mkoa gani?

Mtoto wa Kikuyu: 😂😂 Chizi hapo umekamatika, Mburahati ni Dar.

Sauti ya Nne: Tatizo la dogo siyo mji, ni vifaa. J Dilla yule mgonga biti wa Detroit alikuwa na MPC, mashine ya kugusa kwa mkono, ndiyo maana ngoma zake zinayumba kama mtu anatembea. Hawa wetu ni Fruity Loops (FL), programu ya biti, tena ya kukraki, wanachora vidoti kwa mausi. Dilla kafa 2004 na hadi leo hakuna mfano wake.

Chizi wa Jamatini: 2006. Februari 10, siku tatu baada ya albamu yake ya Donuts kutoka. Kama unamtaja marehemu mtaje vizuri.

Sauti ya Nne: 2004, 2006, kafa.

Kinanda Bovu: Kaka Sauti, FL nimeilipia. Nilijichanga miezi 5, nikauza na baiskeli. Ukishalipa mara moja matoleo mapya unapewa bure, kwa hiyo ukraki siufanyi tena. Naomba hilo neno ulifute.

Sauti ya Nne: Sikukutaja wewe, nimesema hawa wetu.

Kinanda Bovu: Hawa wetu ndio mimi.

Fundi Redio: Mnalia mnadhulumiwa elfu 20, na wale wazee wa Mvumi waliopiga hiyo muheme umewapa shilingi ngapi? Umeenda na simu, ukawarekodi wazee wa watu wamekaa na ngoma zao, leo unamuuzia Mjerumani. Huo si wizi?

Mama wa Mpwapwa: Ngoja kwanza. Wazee gani? Muheme wanapiga wanawake. Mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa mikono miwili, wenzake wanacheza. Miaka miwili Dodoma na hilo hukuliona? Ulikuwa unaishi ndani ya begi?

Fundi Redio: Mama, shikamoo. Nilisema wazee kwa maana ya watu wazima.

Mama wa Mpwapwa: Marahaba. Umesema wazee wa watu wamekaa na ngoma zao. Muheme haipigwi umekaa.

Mtoto wa Kikuyu: Hapa Fundi anatafuta begi lake aondoke.

Sauti ya Nne: Lakini mama, siku hizi kwenye vikundi vya kwaya nimeona wanaume wanapiga.

Mama wa Mpwapwa: Kwaya ni kwaya. Asili yake ni unyagoni kwa wasichana, mambo ya kinamama. Bibi yangu alikuwa anaivuta ngozi kwenye moto mpaka ilie anavyotaka yeye, si unavyotaka wewe na kompyuta. Huyu kijana kuipandisha kasi sijui hata kama inabaki muheme.

Chizi wa Jamatini: Mama, mbona mwanamuziki Hukwe Zawose alichukua vyombo vya Kigogo, ilimba na zeze, akaenda nazo hadi studio za Real World kwa Peter Gabriel Uingereza? Naye alibadilisha.

Mama wa Mpwapwa: Zawose alikuwa anaimba Kigogo na anajua anachokiimba. Usimlinganishe na vidoti vya mausi.

Fundi Redio: Na Zawose mnayemtaja alihamia Dar, halafu Bagamoyo. Angebaki Dodoma mngemjua?

Mtoto wa Kikuyu: Angalau ungejua nani anapiga muheme.

Chizi wa Jamatini: Siku hizi kuna treni ya SGR. Asubuhi unapanda, baada ya saa tatu na ushee uko Dar, unamaliza kikao, jioni unarudi kulala Chang'ombe. Hiyo habari ya kuhama ni ya zama za basi.

Fundi Redio: Nauli atatoa Mjerumani?

Sauti ya Nne: Hoja ya malipo ya hao kinamama mnaikwepa lakini. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi.

Kinanda Bovu: Siikwepi. Mmoja wa wapigaji ni bibi yangu mzaa mama. Nilimpelekea hiyo kazi, nikamwekea hedifoni masikioni. Kasikiliza kama dakika moja, kazivua, kaniuliza, "Nani kakwambia sisi tunakimbia hivi?" Akacheka mpaka akakohoa. Za Mjerumani nilinunua sukari, nikagawa kwa wote saba. Jumapili ameniita tena, kasema niende na sukari, simu niiache.

Mama wa Mpwapwa: Mpe salamu zangu. Na simu uiache kweli.

Bwana Mpole: Sijasoma kurasa zote. Kwa kifupi dogo nenda Dar.

Mtoto wa Kikuyu: Soma kwanza.