Je, kijana aruke chuo kikuu aende kucheza kikapu cha kulipwa ng'ambo?

Mjomba wa Kijana

Salamu kwenu nyote. Mpwa wangu anamaliza sekondari hapa Marekani mwaka huu. Ni pointi gadi, yaani mwongoza mashambulizi, anayetumia mkono wa kushoto, na vyuo vikuu viwili vimekwisha kumpa nafasi ya ufadhili. Mwezi uliopita wakala mmoja alimpigia simu akamweleza kwamba ipo klabu ya ng'ambo iliyo tayari kumlipa mshahara tangu siku ya kwanza, pamoja na nyumba na gari, na kwamba baada ya msimu mmoja ataweza kuingia kwenye drafti ya NBA, yaani zamu za timu za ligi kuu ya kikapu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, sawa na mwenzake aliyekaa darasani. Dada yangu anataka mtoto wake asome. Kijana mwenyewe ameanza kutazama ramani, nami nimewekwa katikati kama mwamuzi asiye na filimbi. Ninachotaka kuelewa ni hiki: waliopita njia hiyo walipata nini hasa, na je, sababu iliyowapeleka huko bado ipo?

Msomaji wa Takwimu

Mjomba, kuhusu drafti wakala hakukudanganya. Kwa mkataba wa pamoja wa mwaka 2005 kati ya NBA na chama cha wachezaji, kijana wa Kimarekani hawezi kuchaguliwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19, na ni lazima mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake lilipomaliza sekondari. Mwaka huo mmoja wa kusubiri ndio uliozaa safari zote hizi, kwa kuwa NBA ilikuwa imefunga mlango, vyuo vilikuwa havilipi mshahara, na klabu za ng'ambo hazikuwa na haja ya kumuuliza mtu alama zake za mtihani.

Brandon Jennings ndiye aliyefungua njia mwaka 2008, alipoachana na mpango wa kwenda Chuo Kikuu cha Arizona akajiunga na Lottomatica Roma ya Italia. Watu wanakumbuka kwamba Milwaukee Bucks ya NBA walimchagua wa 10 katika drafti ya mwaka 2009 na kwamba miezi michache baadaye aliwafunga Golden State Warriors pointi 55 katika mchezo mmoja. Wanachosahau ni kwamba kule Roma alikuwa akipewa dakika kama 17 na kufunga wastani wa pointi 5.5 katika ligi ya Italia. Jeremy Tyler wa San Diego alithubutu zaidi, kwani mwaka 2009 aliacha hata mwaka wake wa mwisho wa sekondari ili aende Maccabi Haifa ya Israeli kwa dola 140,000. Aliondoka kabla msimu haujaisha, akapitia Japani, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 39. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda Guangdong, China, mwaka 2014 kwa dola milioni 1.2, akaumia kifundo cha mguu, akacheza michezo 12 tu, na bado Denver Nuggets wakamchukua wa 7. LaMelo Ball naye alicheza michezo 12 na Illawarra Hawks ya Australia kabla ya kuumia, akachukuliwa wa 3 mwaka 2020, ilhali R. J. Hampton, aliyecheza ligi hiyohiyo msimu uleule na New Zealand Breakers, alisubiri hadi nafasi ya 24.

Ukiwatazama hao kwa pamoja utaona kwamba waliochaguliwa juu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wa juu kabla hawajapanda ndege. Kwa maoni yangu safari haikumpandisha Mudiay wala Ball. Ilichofanya ni kutowashusha. Kijana ambaye jina lake bado halijulikani kwa maskauti (wasaka vipaji) wa NBA hana akiba hiyo, na dakika tano za uwanjani katika ligi ambayo hawaifuatilii kila wiki hazitamjengea jina.

Mama wa Pivoti

Kaka, mwanangu, pivoti anayecheza karibu na kikapu, alikwenda. Sitaitaja klabu wala nchi, kwa sababu nia yangu si kumshitaki mtu. Alikuwa na miaka 19, mrefu kuliko wote kikosini, na nilidhani urefu huo ungetosha. Kocha wake alikuwa mtu mwadilifu, lakini timu ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja, na kocha anayeogopa kushuka daraja hamfundishi mtoto kazi mbele ya watazamaji. Anawapanga watu wazima wasiokosea. Mwanangu alikuwa akinitumia picha ya karatasi ya takwimu baada ya kila mchezo. Moja bado ninayo: jina lake liko mstari wa mwisho, na mbele yake pameandikwa dakika 4 na sekunde 11.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya lilikuwa saa za mchana. Walifanya mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na katikati wenzake walirudi makwao kwa wake na watoto, kwa sababu wengi walikuwa na miaka zaidi ya 30. Yeye alibaki peke yake kwenye nyumba ile ya klabu, akisubiri jioni ifike. Chuoni angekuwa na wenzake wa rika lake, hata kama wote wangekuwa benchi pamoja naye. Kwa upande mwingine sitasema uongo: alirudi anajua kuweka kizuizi kwa pembe sahihi na kusoma ulinzi wa kanda, ambapo kila mlinzi hulinda eneo lake, mambo ambayo sekondari hayakuhitajika kwa kuwa aliruka juu ya kila mtu, na nafikiri watu wazima wale waliomsukuma chini ya kikapu kila siku walimfundisha zaidi ya walivyojua.

Kocha wa Vijana

Nami nijibu sehemu ya pili ya swali, kwa sababu hapo ndipo mambo yamegeuka. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi iliyoidhinishwa mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kugawana mapato na wanamichezo wake, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote. G League Ignite, timu ya ligi ya kukuza vipaji ambayo NBA iliianzisha mwaka 2020 ili vijana wasikimbilie ng'ambo, ilifungwa mwaka 2024 kwa kuwa vyuo vilikuwa vimeanza kuwashinda kwa fedha. Siku hizi ndege zimejaa upande wa pili: Egor Demin alitoka Real Madrid akaenda Chuo Kikuu cha Brigham Young (BYU), Kasparas Jakučionis akatoka Barcelona akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, na wote wawili walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NBA mwaka 2025. Ikiwa klabu za Ulaya zinapoteza vijana wake bora kwa vyuo vya Marekani, wakala anayemvuta mpwa wako kinyume cha mkondo ana deni la maelezo.

Mjomba wa Kijana

Nawashukuru sana, hasa wewe dada yangu Mama wa Pivoti. Nimemsomea kijana habari ya zile dakika 4, akanyamaza. Lakini wakala ametuma mkataba jana usiku na anataka usainiwe ndani ya siku saba. Nitazame wapi kwanza?

Mama wa Pivoti

Kabla ya kutazama mshahara, tafuta vitu vitatu. Kwanza, kifungu kinachomruhusu kuondoka kwenda NBA, na kiasi ambacho klabu italipwa akiondoka, kwa sababu bila hicho atafungwa hata akichaguliwa. Pili, kifungu kinachopeleka migogoro kwenye mahakama ya usuluhishi iliyoanzishwa na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mwaka 2007, ambayo kisheria iko Geneva. Mshahara wa mwanangu ulichelewa miezi mitatu, na klabu ilikumbuka kulipa wiki ileile tuliyoitaja mahakama hiyo, kwani klabu isiyotii uamuzi wake inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Tatu, kama mkataba umeandikwa kwa lugha mbili, tazama ni lugha ipi inayotawala zikipingana. Wetu ulikuwa na sentensi hiyo ukurasa wa mwisho, na lugha iliyotawala ilikuwa ile ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Kuhusu siku saba, mwambie wakala kwamba vile vyuo viwili vitaambiwa kwanza, kisha usikilize atakavyojibu.